Vilivyo Juu ya Jani la Mswaki

Jumanne, 24 Februari 2026
Nimefyeka tangu asubuhi, mikono imechubuka. Nyumbani Kakamega saa hizi mvua inanukia, hapa Garissa vumbi tu. Bosi Kulow anataka vichaka vyote vitoke, apande matikiti hadi mtoni.

Jioni kaja Hani, binti wa hapa hapa, anasomea virusi Nairobi. Anashika majani ya mswaki kama mayai. Nikamuuliza kuna nini. Eti juu ya jani moja wanaishi bakteria wengi kuliko watu wa Garissa nzima. Na ndani ya bakteria — virusi! Mdudu naye ana mdudu wake! Mwezi jana alipata kirusi cha RNA kwenye kichaka hiki, hakijaandikwa popote duniani. Hakidhuru mtu. Wakubwa wake hawaamini, wanasema labda ni uchafu wa maabara. Lazima akipate tena, kwenye kichaka kile kile. Na joto huiharibu RNA upesi.

Nami kila asubuhi natafuna kijiti cha mswaki — natafuna ulimwengu mzima.

Jumatano, 25 Februari
Hani alichuma, akafunika majani kwa barafu kisandukuni, akaenda kutafuta gari. Kulow akasema: sasa kata. Nikakata kichaka.

Magharibi nilikuwa mtoni nazima pampu. Kurudi — kila aliyefunga ana gilasi ya sharubati baridi! Hani naye kati yao, keshashusha nusu.

"Barafu tamu hivi mmetoa wapi?" akauliza Hani.

"Kwa sanduku lako, mama! Allah akulipe," akajibu Mama Hinda, mamake Kulow. Alidhani ni sadaka ya futari. Mwezi huu wa Ramadhani barafu ni ya wote.

Hani akacheka mpaka machozi. Machozi hayakukoma. Majani yalikuwa yametolewa sandukuni, yako juu ya bati, moto kama chai.

"Si kitu, ayeeyo," akamwambia, yaani bibi kwa Kisomali. "Kesho nachuma tena."

Ikabidi nimwambie kichaka nimekikata.

Alhamisi, 26 Februari
Rundo la jana mbuzi wamemaliza. Mama Hinda kapiga magoti kwenye kisiki, kafukua kwa vidole vya hina. Tawi moja! Limelala mchangani, panga lililipita, bado limeshika mzizi. Majani machache, mabichi.

Madogo kuliko kidole changu. Na juu yake umati wote ule, na ndani ya umati pengine kile kisicho na jina. Nimejikuta nimevua kofia.

Hani anasema yasichumwe mpaka barafu mpya ifike. Iko njiani. Jua linapanda. Mimi nafukuza mbuzi. Mama Hinda kalifunika tawi kwa mwavuli, mwenyewe yuko juani, na amefunga.

Simu yangu inalia — Kulow. Bila shaka anauliza kama kisiki kimeng'oka.

"Lete hapa," anasema Mama Hinda. "Nitaongea naye mimi."