Udongo Uliotayarishwa

Mama yangu,

Leo mashine imekubali, na nina hasira kuliko ilipokuwa inakataa.

Unakumbuka nilivyokueleza jikoni kwako Katindiuka, likizo ile ya tisini na tatu? Kwamba udongo wa vyungu una tabaka nyembamba, nasi tunapenyeza katikati kimiminika kiitwacho anilini, kishikane kiwe plastiki inayopitisha umeme. Halafu mashine ya infraredi, mwanga usioonekana, inachora mistari. Kila kitu na namba yake. Ukacheka: "Plastiki ndani ya chungu! Na wali utaivia wapi?"

Nilivyorudi chuoni nikakuandikia: nitumie udongo uliotayarishwa vizuri. Ukaupeleka stesheni mwenyewe, kilo nne.

Miezi mitano, mama. Sampuli thelathini na moja. Mistari ya plastiki, karibu na 1500 na 1580, haikuonekana. Hata mstari wa udongo wenyewe, 3620, ulikuwa hafifu. Nikalaumu anilini, nikalaumu umeme. Msimamizi wangu akasema, "Udongo wa kwenu haufai." Ndipo nikautazama kwa hadubini: vigae! Vyungu vikuukuu vilivyosagwa. Kilichopita motoni hakipenyezwi kitu tena.

Nikakuandikia mstari mmoja: "Umeniharibia kazi."

Ukajibu: "Ulisema uliotayarishwa. Bila vigae chungu hupasuka, hata mtoto anajua. Ungesema mbichi."

Neno moja tu! Na wewe ungeuliza, mama. Hilo bado linaniuma. Lakini nimekulia kwenye majivu ya vyungu vyako, nikakuandikia kama mgeni.

Nikasema nitakuomba radhi nikiwa na jibu mkononi. Mimi siandiki bila ushahidi. Ukafariki Machi.

Baada ya mazishi nilikwenda kuchimba mwenyewe. Jirani yako Mama Teddy akanikuta shimoni, nikamwamkia.

"Marahaba. Ndiwe msomi uliyemnunia mama yako kwa ajili ya tope?"

"Ndiyo, mama."

"Basi shuka zaidi. La juu hakuwa analichukua."

Asubuhi ya leo udongo huo umegeuka kijani, rangi ya plastiki yenyewe. 1497, 1578, wazi kabisa. Msimamizi kanipa mkono.

Kosa lilikuwa langu. Nililijua siku ileile niliposoma jibu lako, mama. Halikuhitaji mashine.

Pumzika.

Ni mimi, kitinda mimba wako.