Lenzi Niliyoipaka Mawese

Mjukuu wangu Zaituni,

Salamu nyingi kutoka Kasongo. Bibi yako anatembea tena vizuri, na anauliza kama baridi ya Lubumbashi imepungua.

Umeniuliza kwa nini mwalimu wenu anawafutisha lenzi za mikroskopi wiki nzima kabla hamjatazama kitu. Nikueleze kosa langu la Kabambare, nilipoanza kazi kwa munganga wa nyama, yule anayetibu mifugo.

Aliniambia nisafishe mikroskopi. Nikaipaka lenzi mawese, kama nilivyopaka mnyororo wa baiskeli yangu, nikafurahi inavyong'aa. Kesho yake mama mmoja akaleta mbuzi aliyekonda. Munganga akatazama tone la damu yake, akaona wekundu tu. Akainusa lenzi, akaniangalia. Hakunigombeza. Aliketi akaifuta polepole kwa pamba, kisha akageuza kile kioo kidogo cha chini kishike jua.

"Weka jicho."

Ndani ya tone lile vidudu vyembamba vilikuwa vinajipindapinda, vinasukuma damu huku na huku.

"Viko hai?"

"Viko hai. Kwa lenzi yako, mbuzi huyu angerudi nyumbani kufa."

Akaenda kumdunga sindano. Mimi nilibaki nikitazama, hata yule mama akaniuliza kama nimelala.

Mpaka leo, kabla ya kugusa lenzi, ninanawa mikono taratibu kama ninakwenda kuswali. Siku watakapokuruhusu kutazama, usiondoe jicho haraka.

Babu yako