Katibu Aliyehesabu Vitabu Akiwa Kitini

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia ofisini, maji yamenifika shingoni, na kabla hujanihukumu naomba ujue kwamba mimi si mtu wa hovyo, ni mwanamume wa miaka arobaini na minane, nina mke na watoto, sinywi, sina nyumba ndogo, na ni mkutubi mwandamizi wa chuo kikuu ambaye hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja. Tatizo langu, Shangazi, ni chama.

Miaka miwili iliyopita sisi wakutubi wa vyuo vikuu vya kanda yetu, nchi sita kwa jumla, tulikubaliana tuanzishe chama chetu cha kitaaluma, maana wahandisi wana chao, wauguzi wana chao, hata vinyozi wana chao, sisi tu ndio tumekaa kama mayatima, na kwenye mkutano wa kwanza nikachaguliwa katibu mkuu bila kupingwa, watu wakapiga makofi, na sababu ya makofi hayo ndiyo inayonimaliza leo. Walinichagua kwa sababu maktaba yangu inasifika kanda nzima kwa kutopoteza vitabu. Wenzangu kila mwaka wanaripoti vitabu mia mbili, mia tatu, vimeyeyuka, mimi naripoti tisa, mwaka mwingine kumi na kimoja, basi wakanivika taji wakaniita Kumi na Kimoja, na mimi nikatabasamu kwenye picha.

Sasa sikia. Kila mwaka wanafunzi wakiwa likizo tunafunga maktaba wiki mbili kuhesabu vitabu, na utaratibu ni kwamba mtu mmoja anasoma orodha na mwingine anakigusa kila kitabu rafuni kwa mkono wake, na mimi miaka ya mwanzo nilifanya hivyo hivyo, tena kwa kuchafuka vumbi hadi nyusi, lakini mwaka mmoja mgongo ulinibana, nikakaa kitini nikawa naweka alama ya vema kwenye orodha bila kwenda rafuni, nikijiambia vitabu haviendi popote, na mwaka uliofuata mgongo ulikuwa umepona lakini kiti nilikuwa nimekizoea. Imekuwa miaka tisa, Shangazi. Hizo tisa na kumi na kimoja nilikuwa natunga mwenyewe, nikibadilisha kidogo kila mwaka ili zionekane za kweli, na wasaidizi nilikuwa nawapa ruhusa wapumzike, wakaniona bosi mwenye huruma.

Chama kilipoanza, azimio la kwanza likawa kutengeneza orodha moja ya pamoja, ili mwanafunzi aliye chuo chochote aone kitabu anachotaka kiko maktaba ipi na akiazime au akifuate, na mwenyekiti wetu, bwana mmoja ambaye hawezi kufungua dirisha bila kunukuu katiba, akasema tuanze na maktaba ya katibu iwe mfano. Tangu siku ile kazi yangu imekuwa kukichelewesha chama nilichokianzisha mwenyewe. Nilizusha swali la nembo, kitabu kiwe wazi au kifungwe, wakabishana saa tatu, watu wazima kumi na wanne, miwani puani, mmoja akasema kitabu kilichofungwa kinakatisha tamaa, mwingine akatishia kutoka nje. Walipomaliza nikauliza nani hasa anastahili kuitwa mkutubi, wakabishana vikao viwili. Sikuwa na shida kuwachezea shere, Shangazi, maana hawa wenzangu ukiwatupia kifungu kidogo wanakitafuna wiki nzima.

Lakini orodha yangu ilikuwa tayari imetumwa, na mwezi uliopita ikaja barua ya binti mmoja anayeandika tasnifu kwenye chuo cha nchi jirani, anatafuta kitabu cha vipimo vya mvua vya zamani, na kwa mujibu wa orodha nakala pekee ya kanda nzima iko kwangu. Nilikwenda rafuni kimyakimya, hakipo. Nikamjibu kwamba kitabu hicho hakitoki, kinasomwa humu humu, nikijua atakata tamaa. Hakukata tamaa. Alipanda basi siku mbili, akatokea asubuhi mlangoni na daftari na chupa ya chai, miguu imevimba, akasema amekuja kukisoma humu humu. Mimi nikasema nina kikao, nikampeleka kwa mzee wetu wa rafu.

Huyu mzee ndiye mpanga vitabu wetu, ana miaka thelathini na mmoja kazini na anastaafu miezi saba ijayo. Walitafuta pamoja siku mbili, wakapanda ngazi, wakachungulia nyuma ya rafu, wakaingia hadi chumba cha vitabu vilivyochanika, na mimi nilikuwa nawaona kupitia kioo cha mlango. Siku ya tatu binti akaenda kwa mkurugenzi wa maktaba, na mkurugenzi akasema orodha inaonyesha kitabu kipo, na orodha hii kanda nzima inaiheshimu, kwa hiyo kama hakipo basi mpanga vitabu amekipoteza. Mzee akapewa barua ya kujieleza, na Alhamisi hii anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na akionekana na hatia anaachishwa kazi na anakosa kiinua mgongo chake.

Akaja kwangu na ile barua. Akaniambia, "Bosi, wewe ndiye unayejua kuandika. Nisaidie kujibu." Nikamsaidia. Nilimwandikia kwa lugha nzuri sana kwamba anakiri alizembea na anaomba radhi, nikamweleza kwamba kamati hulegea ikiona mtu amenyenyekea, na kusema kweli niliamini hivyo. Akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, akaniuliza, "Hapa panaposema nilizembea, bosi, nilizembea lini?" Nikamwambia ni lugha ya kiofisi tu. Akaikunja, akasema hatatia sahihi kwanza, ataniletea Jumatano.

Nilimweleza mke wangu, ambaye anafundisha darasa la pili, akanitazama hadi chai yake ikapoa, akasema niende nikaseme tu, lakini yeye haelewi mambo ya kikanda. Swali langu, Shangazi, ni hili: nitumie njia gani kuwashawishi wanachama waiahirishe orodha ya pamoja kwa mwaka mmoja bila mimi kupoteza ukatibu, au nijiuzulu kwa sababu za kiafya, kwani mgongo wangu una historia? Sipati usingizi. Nisaidie.

Ni mimi, Kumi na Kimoja.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Katibu Mkuu, ingawa nimeitikia shingo upande.

Ulichoniuliza ni namna ya kuahirisha mambo. Wewe! Mtu aliyewakalisha wakutubi wa nchi sita saa tatu wakigombania kitabu kiwe wazi au kifungwe! Kwa kazi ya kuahirisha, baba, wewe ndiye mwalimu, mimi nikae chini na daftari. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimeona kitu kile kile: chama umekiulizia swali, mgongo umeuombea ruhusa, na mzee wa watu umemsimulia kama hali ya hewa.

Pole nitakupa, lakini ni ndogo na uitumie vizuri. Mgongo unauma, najua, na mwaka ule ungeniandikia ningekupa pole kubwa na jina la dawa ya kuchua. Mtu akizidiwa akakaa kitini siku moja, huyo ni binadamu. Wewe mgongo ulipona ukabaki palepale miaka minane zaidi, unatunga hesabu, unapima mwenyewe uongo upi utanoga, mara tisa, mara kumi na kimoja, na mwaka ulioona aibu kurudia tisa ukaongeza viwili. Halafu unaniambia hujawahi kuchelewa kazini. Ulikuwa unawahi kwenda kufanya nini?

Na usijifiche nyuma ya wenzako. Unawacheka kwa miwani yao na vifungu vyao, na kweli wanachekesha, nami nimecheka. Lakini hao unaowacheka waliripoti mia tatu vimepotea kwa sababu walikwenda rafuni wakaona mapengo. Walisimama mbele ya wakubwa zao wakasema vimepotea, wakakaripiwa, wakarudi ofisini wakanywa maji. Halafu wakakupigia makofi wewe. Kati ya watu kumi na wanne waliokaa kwenye kile chumba, mtu pekee ambaye hakustahili kuwa pale ndiye waliyempa ukatibu.

Tuje kwa mzee. Mtu amekujia na karatasi inayoweza kumtoa kazini miezi saba kabla ya kustaafu, amekuamini, akakuita bosi, na wewe ukachukua kalamu ukamwandikia kosa lako kwa jina lake. Kwa lugha nzuri sana, unasema! Mimi kwenye safu hii nimesoma waume waliooa mara mbili bila kusema, nimesoma mtu aliyemuuzia shemeji yake kiwanja cha shule, na wote niliwatafutia neno la upole. Kwako nimelitafuta nimelikosa. Ukaamini kamati italegea! Ulichoamini ni kwamba mzee hasomi vizuri. Kumbe anasoma, tena anasoma kuliko wewe, kwa sababu alikwenda moja kwa moja kwenye neno la uongo akaliwekea kidole. Amekuuliza alizembea lini, nawe mpaka leo hujamjibu. Unalo jibu. Tarehe unazo, za miaka tisa, kwa mwandiko wako.

Mkeo unasema haelewi mambo ya kikanda. Yule anahesabu watoto wa darasa la pili kila asubuhi, mmoja mmoja, akitazama nyuso zao, na asiyekuwepo anaandikwa hayupo. Angekuwa yeye katibu mkuu, chama chenu kingekuwa na orodha ya kweli tangu mwaka jana. Ukimaliza kunisoma mwombe radhi kwa lile neno.

Sasa fanya hivi. Kujiuzulu kwa sababu za kiafya futa kichwani, huumwi. Leo hii mtafute mzee kabla hajatia sahihi, umwombe ile karatasi, uichane mbele yake, na umwambie kwa kinywa chako kwamba hakuna aliyehesabu vitabu kwa miaka tisa na kwamba asiyehesabu ni wewe. Usianze na mgongo. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikutukana, meza. Kisha beba orodha zote tisa uende kwa mkurugenzi leo leo, usimwandikie barua, maana wewe ukishika kalamu huaminiki, ingia useme. Na Alhamisi usikae nje ya mlango wa kamati kama jamaa wa mgonjwa. Omba kuingia wa kwanza, ili mzee akiitwa akute kesi yake imeshakuwa yako.

Kazi yako unaweza kuipoteza, sitakudanganya. Lakini ukiinyamazia Alhamisi hii, mzee ndiye atakayeipoteza yake kwa niaba yako, na wewe utakaa kwenye kiti hicho kila likizo ukijua umekinunua kwa kiinua mgongo cha mtu mwingine.

Yule binti wa mvua naye usimsahau. Alisafiri siku mbili kufuata alama yako ya vema. Una namba za simu za wakutubi kumi na watatu wa nchi sita, wapigie mmoja mmoja, uwaeleze kitabu hakipo kwako na kwa nini hakipo, uwaombe waende kukitafuta kwa macho kwenye rafu zao, kwani huenda nakala imelala mahali bila kuorodheshwa. Hiyo ndiyo kazi ya chama, ndugu yangu, hiyo simu. Nembo itajichora yenyewe. Na ukiwaambia ukweli, usishangae wawili watatu wakianza kukohoa kwenye simu. Pengine likizo ijayo mtahesabu wote, mkigusa kila kitabu. Ukatibu waachie wao waamue.

Neno la mwisho. Barua yako niliipata juzi, nikamwomba mhariri aiweke mbele ya walioandika kabla yako, ndiyo maana imetoka leo Jumatano. Sikutaja jina lako, sikulijua. Ila kila maktaba ya chuo huchukua magazeti, na kila asubuhi kabla wakubwa hawajafika kuna mtu anayeyapokea, anayapiga muhuri na kuyapanga kwenye meza ya wasomaji. Sijui kwenu kazi hiyo anaifanya nani. Wewe unajua. Kwa hiyo kama umefika mstari huu na bado umekaa, inuka haraka, maana yeye ameshausoma tangu saa moja na nusu.