Udongo wa Darasa la Pili

Matombo, 9 Juni 1991

Mdogo wangu Dafrosa,

Huku kipupwe kimeingia, maharage yametoka vizuri, na mama anakusalimu. Kikohozi chake kimepungua.

Watoto wangu wa darasa la pili bado wanakuulizia. Pasaka ulivua viatu ukashuka nao bondeni kwetu kuchimba udongo wa somo la ufinyanzi. Uliponiuliza udongo mzuri unaishia wapi, nilifurahi kwamba unaijali kazi yangu. Nikakuonyesha bonde lote, hadi kwenye migomba ya bibi.

Jumanne tulishuka na ndoo zetu, tukakuta vijana wanafyatua matofali ya kupeleka mjini. Mwenye kazi akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mdogo wako kaniuzia tangu Pasaka. Kwani hakukwambia?"

Siku hizi kila kitu ruksa, najua. Lakini bonde ni la ukoo. Bibi alituachia wewe na mimi, na kwetu ardhi haitoki mpaka wanawake wa nyumba wakae pamoja. Mama sijamwambia.

Nilimwomba yule bwana ndoo moja ya udongo wa bibi yangu. Akanipa.

Watoto wakafinyanga walichopenda. Melania, yule uliyemshika mkono, alikufinyanga wewe, miguu peku, viatu mkononi. Kazi nyingine zote tumezichoma kwa moto wa mabua zikakomaa. Wewe nimekuacha mbichi, nikakuweka dirishani. Mvua za vuli zikianza, sitafunga dirisha.

Ni mimi dada yako,
Skolastika