Fundi Athumani, Ule Mtungi Nimeujua

Fundi wangu Athumani,

Amahoro. Najua ungekuwapo ungeniitikia kwa salamu aleikum, makusudi kabisa, ili tuanze kubishana kabla hata ya kufungua sanduku la vifaa.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Binti yangu Yusta alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Huyu mtoto akishika kalamu anaongeza ya kwake, na mengine ya humu hayamhusu. Nimeanza asubuhi, sasa jua liko juu, na ndiyo kwanza niko hapa. Usicheke. Shule yangu unaijua: darasa la pili, Mabamba, na hilo la pili lenyewe nusu.

Nina kesi na wewe. Lakini kwanza nikupe habari.

Tangu tukuzike, kiangazi cha pili hiki. Karakana nimeiendeleza. Mkeo, Mama Zuhura, alinipa vifaa vyako vyote, na Kasulu nzima inajua kwamba friji likimshinda Gervasi, hilo ni la kufugia kuku. Hata kambini Nyarugusu Wakongomani wananiita "mekanisiye mkubwa". Nasema ukweli, sijisifu.

Ila mashine zilianza kurudi. Zamani tukitengeneza, imetengenezwa. Sasa friji la chanjo la zahanati ya Nyakitonto, miezi minne, limerudi. Kiyoyozi cha ofisi moja kule kambini, miezi mitano, kimerudi. Bomba jembamba limeziba, gesi haipiti. Nikajiuliza, nani huyu ananichezea? Nikamshuku muuza gesi wa pale stendi, maana siku hizi ana gari. Nikaacha kununua kwake, na tukikutana njiani nikawa napita upande wa pili. Nikaushuku umeme. Nikamshuku na fundi mmoja wa Kibondo, alinipa mkono msibani kwako akaushika muda mrefu mno. Mikono yangu sikuishuku. Ningeishukuje? Wewe ndiye uliyeifundisha.

Sasa hospitali ikamaliza jengo jipya. Chumba cha upasuaji, maabara, stoo ya dawa, viyoyozi kumi na viwili. Watu wanacheka, eti baridi hii ya Kasulu mtu anataka kiyoyozi cha nini. Hawajui dawa haijali baridi ya nje. Nikaenda kuomba kazi, nikiwa nimevaa koti. Bwana wa ofisi akaniuliza, "Mzee, leseni ya ukandarasi unayo?" Nikamwambia leseni yangu ni friji zote za mji huu. Akasema, "Hizo haziwezi kubandikwa kwenye faili, mzee wangu. Bila leseni sikuandiki." Basi kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia wilaya hii ilikuwa inaenda kwa vijana wa mbali, na mimi nilikuwa nabaki na friji za kurudi.

Yusta akaniletea fomu ya kuomba leseni. Nikaikagua mbele na nyuma. Swali moja likanishtua: eleza hatua zote unazofuata kufunga kiyoyozi, moja baada ya nyingine. Zote! Nikamwambia Yusta, "Unaona? Hawa hawatoi leseni, wanakusanya ujuzi wa watu." Akasema, "Baba, ni mtihani tu." Nikamwambia andika sita. Ya saba acha.

Unakumbuka nilivyokusimulia habari za baba yangu na dawa zake za mizizi? Mtu akija kujifunza alimtajia sita, wa saba akaubakiza moyoni. Huku kwetu mganga anayetaja yote alionekana mjinga. Ulicheka ukasema, "Ninyi watu wa huku bwana!" Lakini ukaichukua. Tukifika kwenye hatua ya saba, kuvuta hewa, ile pampu ya kutoa hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya gesi, ulifunga mlango ukawaambia watu watoke, kuna hatari ya umeme. Hatari gani! Nje ukaniambia, "Wakituona tunavyomaliza, kesho hawatuiti." Nami nikakuapia kwamba ya saba hataiona mtu. Nilijivuna, Fundi. Nilisema angalau kitu kimoja nimemfundisha mtu wa Tanga.

Basi siku ya mtihani, chuo cha ufundi. Msimamizi binti mdogo, Mwalimu Rehema, ana kalamu mbili kifuani. Wanafunzi wamejipanga ukutani wanatazama. Moyo wangu ukakataa. Nikachomelea mabomba ya shaba, safi, nikaunganisha, nikafika kwenye ya saba, nikairuka. Nikafungulia gesi moja kwa moja. Mbele ya watu wale wote! Kazi ambayo ningempiga mtu makofi kwa kuifanya.

Akasema, "Babu, hujavuta hewa."

Nikasema, "Sisi huku hatuvuti."

Mungu anisamehe. Akaandika. Kisha akauliza, "Na naitrojeni yako iko wapi?" Nikamwambia hilo jina silijui. Nilidhani ananitega. Hakubishana. Akachukua lile bomba nililochomelea, akalikata katikati, akanionyesha ndani. Jeusi, Fundi. Masizi kama chini ya sufuria ya kuni. Akasema, "Haya yanabanduka, yanatembea na gesi, yanakwenda kuziba bomba jembamba." Kisha akachomelea la kwake, huku hewa ya naitrojeni inapita ndani polepole kutoka kwenye mtungi. Akalikata. Ndani linang'aa kama pete ya harusi.

Mimi bomba sikulitazama sana. Nilikuwa natazama mtungi. Mfupi, mweusi, shingo nene, umechubuka begani. Mtungi ule naujua. Wa aina ile ile, miaka miwili unashikilia mlango wa karakana yangu usipigwe na upepo.

Fundi Athumani. Ulisema ni gesi ya akiba. Uliufunga gunia kama mtoto mchanga. Ulisafiri nao kila mwaka kwenda Mwanza, eti kumsalimia dada. Nimemwuliza Mama Zuhura habari za huyo dada. Akanitazama. "Dada gani, shemeji? Athumani hana hata binamu Mwanza." Kumbe ulikuwa unakwenda kuujaza.

Na ile chai! Miaka ishirini na mbili. Kuchomelea ulinifundisha barazani, kwa vipande vya bomba chakavu. Tukifika kwenye mashine ya mtu ulishika moto mwenyewe, na kila ulipouwasha ulikumbuka kiu. "Kijana, chai ya hapa jirani maji matupu, nenda kule sokoni." Uliniita kijana hata nilipopata wajukuu. Nami nikaenda na chupa yangu, juani, matopeni, nikiona ni heshima kwa fundi wangu. Nikirudi, moto umezimwa, gunia limefungwa. Mimi nilikuonyesha wa saba wa baba yangu, wewe ukakaa na wako wa nane.

Siku tatu sikuweza kula vizuri. Nilipita karibu na makaburi yenu nikageuza uso. Nisingekwambia, lakini sasa nasema yote.

Halafu nikaikumbuka siku ya mwisho. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kigoda karibu na kitanda chako. Mama Zuhura alikuwa uani. Ukanishika mkono, ukasema, "Kijana, leo kaa. Chai acha." Nilikusikia vizuri kabisa. Lakini unanijua, mimi mbishi. Nikasema mgonjwa lazima apate kitu cha moto, nikachukua chupa nikaenda kule kule sokoni, maana ya jirani ulikuwa huitaki. Niliporudi walikuwa wamekufunika.

Sasa niambie. Ulitaka kunipa habari ya mtungi? Au ulitaka mtu wa kukaa naye tu? Nimeligeuza jambo hili kila upande kama kompresa iliyoungua, sipati. Yusta anasema, "Baba, vyote viwili." Anasema hivyo ili nile.

Nikarudi chuoni. Niliomba kurudia, mimi Gervasi, niliomba. Mtungi nikaubeba mwenyewe begani. Mwalimu Rehema akaukagua, akasema bado una hewa ya kutosha. Uliuacha umejaa, Fundi. Na hilo nalo nimeliandika kwenye kesi. Nikachomelea huku naitrojeni inapita. Nikafika kwenye ya saba, nikasimama. Wanafunzi wale wako pale pale ukutani. Nikataka kusema tokeni, hatari ya umeme. Nikasema, "Wa nyuma hamuoni. Sogeeni."

Wakasogea. Nikavuta hewa mbele ya macho yao yote. Nikangoja geji ishuke na itulie, nikawaeleza kwa nini tunangoja. Wakaniuliza maswali, mengine ya kijinga, nikayajibu. Kiapo nimekivunja, Fundi, na mbingu hazikuanguka. Mwalimu akaandika tena, safari hii kwa ile kalamu nyingine. Nilimchunguza usoni nione kama anacheka. Hakucheka.

Leseni imetoka. Nimeishika juani nione kama muhuri umepenya. Nimeukwaruza kidogo kwa kucha pembeni. Ni wa kweli. Jina langu limeandikwa lote, na nimelisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Bwana wa hospitali ameibandika kwenye faili lake mbele ya macho yangu, na Jumatatu tunaanza na chumba cha upasuaji. Friji la Nyakitonto nimelifungua upya bila kuitwa, nikakata bomba lile, nikatazama kazi yangu mwenyewe ndani, nikaona aibu. Sasa limepona. Kwa muuza gesi wa stendi nilipita nikanunua tena. Sikumwambia kwa nini niliacha.

Bado nina shaka na wewe kidogo. Kama kuna wa tisa, sema. Njoo hata ndotoni, nikilala kidogo baada ya chakula cha mchana, nitakusikiliza na sitatoka.

Hii hapa ahadi yangu: nikiwasha moto, sitamtuma mtu yeyote chai. Atakayetaka kuona ataona. Nami nikiambiwa kaa, nitakaa.

Mama Zuhura anaendelea vizuri, paa lake nimelipigilia mabati mawili. Pumzika, Fundi wangu. Kesho nitapita makaburini nikusalimie, uso kwa uso. Mtungi uko kazini. Mlango nimeuwekea tofali.

Kijana wako,
Gervasi