Ulilala Wapi Kuamkia Sensa?

Kurasini, Temeke,
Dar es Salaam.
26 Agosti 2022

Mpendwa mdogo wangu Ansbert,

Hujambo huko uliko? Afya yako je? Sie wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu, mengine utayasoma. Barua hii anakuletea Gibson, jirani yetu dereva wa lori, anapita Chunya. Nimemwambia aulizie kwenye machimbo yote ya dhahabu mpaka akupate. Simu yako haipatikani tangu Februari mwaka jana, na nimechoka kumsikiliza yule dada wa mtandao.

Mwanao Editha yuko darasa la tatu. Amerefuka, sare ya mwaka jana haimtoshi tena. Siku hizi haongei sana.

Sasa nisikilize. Wiki hii ni sensa. Mie ndiye mjumbe hapa mtaani, kwa hiyo mwezi mzima nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu. Wengine waliogopa, eti wakitajwa wengi watatozwa kodi. Nikawaambia anahesabiwa aliyelala ndani kuamkia Jumanne, msifiche mtu, msiongeze mtu. Nilisema mpaka sauti ikakauka.

Jumanne karani akaja kwetu na kishikwambi chake. Mama ndiye mkuu wa kaya, akajibu yeye. Akasema tumelala wanne. Nikashtuka, maana tuko watatu tu, yeye, mie na Editha. Kumbe Jumatatu jioni alikutandikia kitanda, akakushushia na chandarua. Akataja jina lako, umri, elimu, kazi, kama vile uko chumbani unavaa shati. Karani akawa anaandika.

Editha akasema, "Bibi, baba hakulala hapa."

Karani akanigeukia mie. Ningefanya nini, Ansbert? Niwakazanie majirani waseme kweli, halafu kwetu nidanganye? Nikamwambia akufute. Akakufuta. Mama akainuka akaenda uani, na mpaka leo hajanisemesha.

Tena haikuishia hapo. Tulipofika kwa Editha, karani akauliza kama baba yake mzazi yu hai. Mtoto ananitazama. Nikasema, "Hatujui."

Kama umenyamaza kwa aibu ya kukosa dhahabu, huo ni ujinga. Hapa hakuna anayeingoja dhahabu. Nina hasira nawe na nakupenda, yote mawili. Makarani wanapita mpaka tarehe 29. Kama hujafikiwa, nenda ofisi ya kijiji hapo ulipo ukahesabiwe. Kisha andika japo neno moja, umpe Gibson, nimwonyeshe mtoto mwandiko wako.

Shangazi Clara anakusalimu sana. Mama hajasema nikusalimie. Ila aliponiona natafuta kalamu, alileta ile yake ya kanisani akaiweka mezani, kisha akaenda kubadilisha shuka za kitanda chako.

Mungu akulinde popote unapolala.

Wako akupendaye,
dada yako Apolonia.