Kiti cha Vipimo vya Baba

Nyumba mpya, ghorofa ya juu kabisa,
Jumapili, wiki ya sita ya joto.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko, na za kazi? Wifi hajambo? Kile kifua chako kimepona, au bado unakificha? Sisi tu wazima kwa kadiri joto linavyoturuhusu. Mpwa wako ametoka vipele mgongoni, shemeji yako analala sakafuni kama mkeka, na mimi nimekonda, jambo ambalo najua hutaliamini mpaka ulione.

Nyumba imekaribia kukamilika. Mapazia yameshaning'inia, na kabati lilikubali kupita mlangoni baada ya kung'olewa miguu. Paa ni la bati, kwa hiyo kuanzia saa tano asubuhi tunaiva polepole. Mama tumempa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Daktari alisema wazi kwamba asipokula na kunywa maji ya kutosha, moyo wake hautafika mwisho wa joto hili. Hilo ndilo linaloninyima raha, ila ngoja nianze mwanzo.

Nilitaka mama awe na kiti chake. Nikaenda kwa fundi wa hapa mtaani, mzee mkali ambaye hatengenezi kiti bila kumpima atakayekikalia: nyonga mpaka goti, goti mpaka kisigino, kiwiko. Nikamwambia mama hawezi ngazi, nitamletea vipimo. Akanitazama vibaya, akasema yeye hupima mtu anayepumua, si karatasi. Unanijua nikishaamua jambo. Nikachukua daftari la ushonaji la mama, nikanakili.

Usinicheke, Kaka. Nilinakili ukurasa wa marehemu Baba. Unakumbuka alivyokuwa akichakaza suruali kwa kupiga magoti akitandaza sakafu za watu, na mama akawa anampima hadi magoti ili ajue pa kutia viraka? Vipimo vyao viko kurasa mbili zinazotazamana, bila majina, maana mama hakuhitaji kuambiwa nani ni nani.

Kiti kilipoletwa, mama alikitazama kwa muda mrefu, kisha akavuta kigoda na kukaa kando yake. Alisema, "Siwezi kumkalia baba yenu." Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu daftari. Mimi mwenyewe kosa hilo nililigundua kesho yake.

Nitakueleza nilichokiona, uamue kama joto limenipanda kichwani. Humu ndani kila kitu kinachoma, hata vijiko, lakini kiti kile ni baridi. Mchana mto wake hubonyea taratibu, kama mtu aliyechoka anapoketi, na hubaki hivyo mpaka jua lipungue. Shemeji yako alinicheka, akaenda kukikalia. Aliinuka papo hapo, akasema kuna mtu, akavaa viatu akaenda kazini, na siku hiyo ilikuwa ya mapumziko yake.

Mama amenawiri uso, mwili unapukutika. Chakula anakirudisha. Bilauri ya maji ninayompa anaiweka kwenye mkono wa kiti, na ikifika alasiri bilauri ni tupu na midomo ya mama imekauka. Nikimsihi anywe, ananijibu kwa upole kwamba Baba amemwambia huko aliko kuna ubaridi mzuri, ya nini kujisumbua. Naogopa, Kaka. Naogopa hata nikiwa naosha vyombo.

Jana nilimwita fundi aje akichukue, tena bure. Alikigusa, akaondoa mkono haraka. Akaniambia kwamba wiki iliyopita, nikiwa kazini, mama alimwita kutoka dirishani, akaagiza kiti cha pili cha kuwekwa ubavuni mwa hiki. Safari hii amempima mama mwenyewe. Kinangoja vanishi ikauke tu, na anakileta Ijumaa.

Mkubwa ni jalala, nisamehe nikikutupia na hili. Nimelia, nimegomba, mama hanisikii. Wewe hajawahi kukukatalia neno. Usimpigie simu, atakuitikia vizuri na kukudanganya. Njoo umtoe humu, umpeleke kwako mpaka joto liishe.

Msalimie wifi sana, na wale wanangu wawili waambie shangazi yao amewawekea chumba. Shemeji yako anakusalimu, na mpwa wako pia.

Mama naye anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia uje, alifurahi, akageukia kiti, akakitegea sikio. Kisha akaniomba nikuulize vipimo vyako, nyonga mpaka goti, goti mpaka kisigino. Usivitume, hata akikuomba mwenyewe. Njoo kabla ya Ijumaa, na ukiingia usikae popote mpaka mimi nikuonyeshe pa kukaa.

Mungu akulinde njiani, na atuachie mama.

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere